Shaba Iliyokuwa Iende Mtoni

4 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi chako kimepoa na hamjambo nyote pale karakana.

Ndani ya kreti hili utakuta gunia la unga wa kahawia, chupa za sampuli, karatasi za kupimia uchachu na barua mbili. Ile yenye nembo ya kiwanda imeandikwa "Kwa Mwenye Karakana ya Kupaka Shaba". Hiyo isome mbele ya mafundi. Hii isome peke yako, kisha tafadhali ichome. Usicheke. Najua unacheka.

Nieleze kwanza unga, halafu aibu yangu.

Mti una nyuzi, na nyuzi zinashikiliwa na kitu kama gundi kinachoitwa lignini. Sisi kiwandani tunataka nyuzi tu, za kutengenezea karatasi. Gundi inatoka na maji meusi kama lami, na miaka yote imekuwa ikichomwa kwenye tanuri. Sasa Daktari, yule mama mkemia anayeongoza maabara yetu, ameichukua hiyo gundi akaibadilisha. Ameikausha, akaifunga isiyeyuke tena majini, kisha akaipandikizia vitu ambavyo mimi, kwa kuwa ni karani tu, naviita mikono. Mikono hiyo inapenda madini. Maji yenye shaba yakipita humo, shaba inakamatwa, maji yanatoka bila rangi. Nimeona kwa macho yangu: yaliingia ya buluu, yakatoka kama ya kunywa.

Maelekezo yote yako kwenye barua rasmi. Kubwa ni hili: maji ya kusuuzia yanayoingia kwenye pipa yasiwe machachu. Yatulize kwanza kwa chokaa kidogo mpaka karatasi ya kupimia iache kuwa nyekundu.

Sasa aibu. Daktari alipouliza nani anajua karakana ya kujaribia, nilitaja yako. Akaandika anwani. Ndipo akasema, "Ila isiwe ya ndugu wa mtu yeyote hapa. Matokeo yakiwa mazuri watu watasema tumeyapika." Nilifungua mdomo niseme. Mdomo ulifunguka vizuri tu, sauti ndiyo haikutoka. Kikao kikaisha.

Kwa hiyo hatujuani, Shangazi. Wewe ni Mwenye Karakana, mimi ni Karani. Nimekunywa chai ya ndimu vikombe viwili tangu asubuhi, na unajua huwa nainywa nikiwa na hofu.

Mwanao,
Karani (nimeanza kuzoea)

—

9 Machi

Kifaranga wangu,

Marahaba. Barua sikuichoma. Hapa kuna tindikali, dawa za kupakia na mitungi ya gesi, na wewe uliyelelewa humu ndani unaniambia niwashe moto? Nimeiweka kwenye kopo la sukari.

Simu sikupigii. Mashine zikinguruma nabaki kusema "ehee, ehee" na sijasikia kitu, halafu baadaye naambiwa nilikubali mambo.

Unga umefika. Fundi Kimya ameunusa, ameuonja kwa ncha ya ulimi (nilikuwa nimechelewa kumzuia), na ametoa hotuba. Unamkumbuka Fundi Kimya, hajawahi kunyamaza tangu marehemu mume wangu amwajiri. Anasema mti hauwezi kukamata chuma, chuma ndicho kinakata mti. Nikamwambia jaza pipa.

Tumefanya kama mlivyoandika. Maji ya kusuuzia yanaingia kwenye tangi la chokaa, yanatulia, yanapita kwenye pipa la unga, yanadondoka kwenye tangi la chini, na hapo kwenye bomba la tangi la chini ndipo tutakinga sampuli zenu. Maji niliyoyaona yakidondoka leo, Kifaranga, nilitaka kumwita mume wangu aje aone. Nikakumbuka.

Nakuambia jambo ambalo sikukuambia ulipokuja mara ya mwisho. Yule tunayemwita Bwana Maji, mkaguzi, amenipa mpaka mwisho wa Mei. Mtaro wetu ukiendelea kuwa wa buluu, anafunga mlango na kutia kufuli. Nimewaangalia mafundi wangu wakiweka majembe yao chini jioni, yaani brashi zao na glavu, nikawaza nitawaambia nini. Na simlaumu Bwana Maji. Mama Bustani pale chini ya mtaro kitalu chake kimekuwa cha manjano, na mama wa watu hajawahi kunipandishia sauti. Ananisalimia tu. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo unga wako ukishindwa, mimi nimekwisha. Sikutishi. Nakueleza tu.

Umekula?

Shangazi yako, ambaye hakujui

—

25 Machi

Kwa Mwenye Karakana,

YAH: MATOKEO YA SAMPULI YA KWANZA

Nina furaha kukuarifu kwamba sampuli ya kwanza imepimwa na kiasi cha shaba kilichobaki ni kidogo kuliko kiwango kinachoruhusiwa kutiririshwa. Maabara inakupongeza. Sampuli nyingine itakingwa tarehe ishirini na tisa.

Wako katika kazi,
Karani wa Maabara

(Kipande hiki kimekunjwa ndani. Shangazi! Daktari alitabasamu! Hajawahi kutabasamu tangu niajiriwe. Nilidhani ana jino linamuuma. Nisikilize lakini. Mkurugenzi anataka lignini yote iuzwe kwa watu wa zege, maana huko inafanya zege limiminike laini na wanaitaka kwa wingi. Amesema unga wa Daktari ataupa nafasi kama sampuli zinazofuata zitakuwa nzuri hivihivi. Nakuomba, siku ya sampuli kila kitu kiwe safi. Safi kabisa. Usiniaibishe. Nisamehe kwa kusema hivyo.)

—

28 Machi

Kwa Karani wa Maabara Ambaye Simjui Hata Kidogo,

Habari za huko ambako sijawahi kufika. Nimepokea barua yako rasmi kwa mikono miwili. Karakana yangu inafurahi. Mafundi wangu wanafurahi. Fundi Kimya amesema alijua tangu mwanzo, na amelisema hilo tangu asubuhi bila kupumzika.

Kuhusu usafi, Karani Usiyejulikana, usitie shaka. Mimi ndiye niliyemfundisha mtoto mmoja fulani kuosha masikio. Sampuli yenu itakingwa mahali ambapo unaweza kulala.

Nakutumia salamu, ingawa sina sababu.

Mwenye Karakana

(Kifaranga, umeona ninavyoweza? Kula.)

—

15 Aprili

Kwa Mwenye Karakana,

YAH: MATOKEO YA SAMPULI YA PILI

Ninasikitika kukuarifu kwamba sampuli ya pili imepimwa mara mbili na imeonekana kuwa na shaba nyingi, kuzidi hata maji yanayoingia kwenye pipa. Maabara inaomba maelezo kama maelekezo yote yamefuatwa, pamoja na kutuliza maji kwa chokaa. Sampuli ya tatu itakingwa tarehe ishirini na nne.

Karani wa Maabara

—

18 Aprili

Kwa Karani wa Maabara,

Maelekezo yote yamefuatwa. Chokaa imewekwa. Karatasi ya kupimia imetumika kila maji yanapoingia. Usafi ndio usiseme, hasa siku yenyewe ya sampuli.

Nimetafuta ndani ya bahasha kipande kilichokunjwa. Hakikuwepo.

Mwenye Karakana

—

20 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sikuweka kipande kwa sababu sikujua niandike nini, na Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu akiangalia ninavyofunga bahasha. Sasa hivi niko chumbani kwangu, mlango nimeufunga, na hata hivyo naandika kwa kuinama.

Naomba nikuulize jambo, na naomba usikasirike mpaka umalize kusoma.

Daktari anasema unga hauwezi kutengeneza shaba. Ikiwa maji yanayotoka yana shaba kuliko yanayoingia, basi kuna shaba imemiminwa kutoka mahali pengine. Aliuliza mbele ya watu wote wa maabara, "Hivi huyu mama hamimini dawa iliyochoka humo? Dawa ya kupakia ikizeeka huwa wanaitupa wapi?" Wote walinitazama mimi kwa kuwa ndiye ninayeandikiana nawe. Nilisema sijui. Nilisema sikujui, Shangazi. Nilijisikia kama mtu aliyekupita barabarani bila salamu.

Nakumbuka zamani dawa iliyochoka ilikaa kwenye mapipa nyuma ya choo, ikisubiri. Kama mapipa yamejaa, na kama labda mtu, si lazima wewe, labda fundi mmoja, aliona kwa vile sasa kuna unga unaokamata kila kitu basi apunguze kidogo humo... Niambie tu. Sitamwambia mtu. Tutafikiri pamoja.

Mkurugenzi amesema sampuli ya tatu ndiyo ya mwisho. Ikiwa mbaya, unga unaachwa, lignini yote inakwenda kwa watu wa zege.

Mwanao

—

26 Aprili

Kwako,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Sasa naruhusiwa kukasirika.

Umeniita mwongo kwa heshima zote. Afadhali ungekuja kunipigia kelele mlangoni, ningekujibu na tungeishia kunywa chai. "Si lazima wewe, labda fundi mmoja." Nani? Fundi Kimya? Yule akitupa hata sindano mtaa mzima unaambiwa. Mapipa ya dawa iliyochoka yako palepale nyuma ya choo, na yamefungwa, njoo uyahesabu kwa kidole chako.

Nami nikuulize. Hilo gunia la pili mlilonitumia pamoja na matokeo ya kwanza ni sawa na la kwanza? Au la kwanza lilikuwa la kupigia picha na la pili makapi? Fundi Kimya anasema harufu si ileile.

Unajua ni nini kinachonichoma? Mama Bustani amekuja hapa na kikapu. Mboga alizopanda baada ya pipa kuanza kazi zimeota kijani, majani manene, mashina yamesimama. Ameniletea fungu zima, akasema, "Jirani, sijui umefanya nini, endelea." Nikalia mbele yake kama mtoto. Siku hiyohiyo nikafungua barua yako inayosema namwaga sumu.

Sampuli ya tatu nimekinga juzi. Safari hii nimesimamia usafi mwenyewe, sikumwachia mtu. Imo ndani ya kreti.

Shangazi

—

6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nina habari mbaya, na nina swali. Sijalala vizuri, lakini nadhani swali ni zuri.

Habari mbaya ni kwamba sampuli ya tatu ni mbaya kuliko ya pili. Chupa yenyewe ilikuwa na buluu. Hata bila kupima ilionekana. Daktari alivua miwani akaifuta, kisha akaniambia niandike ripoti ya kufunga jaribio, aisaini wiki hii.

Nilikaa kuiandika. Niliandika "karakana haikufuata maelekezo" nikafuta. Niliandika "unga umeshindwa" nikafuta. Ndipo nikasoma tena barua yako, ile ya hasira, na nikasimama kwenye mboga za Mama Bustani.

Mboga haziwezi kusema uongo kwa ajili yako. Kama mtaro ungekuwa na shaba namna ile kila siku, zisingeota. Kwa hiyo siku za kawaida maji ni safi. Yanachafuka siku moja tu, siku ya sampuli. Na sampuli ya kwanza kabisa, iliyokuwa nzuri, ilikingwa kabla sijakuandikia kwamba kila kitu kiwe safi.

Kwa hiyo naomba radhi kwa barua yangu ya tarehe ishirini. Niliogopa, na woga ukanifanya nikutazame kama wanavyokutazama watu wasiokujua.

Swali ni hili: siku ya sampuli, huwa unafanya nini? Nieleze kama unamweleza mgeni ambaye hajawahi kuona karakana. Usiache hata kitu unachoona ni cha kawaida. Tafadhali jibu upesi. Ripoti ipo kwenye droo yangu, na nimemwambia Daktari wino wa mashine umeisha. Ni uongo wangu wa kwanza kazini. Wa pili, ukihesabu kwamba sikujui.

Mwanao

—

8 Mei

Kifaranga,

Nimempa dereva wa basi barua hii mkononi, nikamwambia ikipotea asipite tena mtaa huu.

Radhi nimekupa. Nilikuwa nimeshakupa kabla hujaomba, ila sikutaka ujue haraka.

Siku ya sampuli tunafanya hivi. Mafundi wanafagia. Sakafu inamwagiwa maji. Pipa linafutwa nje. Mikono inaoshwa. Kisha tunauogesha unga. Halafu tunachukua chupa, tunaisuuza, tunakinga kwenye bomba la tangi la chini, tunafunga, ndani ya kreti. Kwisha.

Unauliza kuogesha ni nini? Wewe uliyekua ukichezea vitasa vya milango kwenye meza yangu ya kazi! Kitu chochote kinachopokea shaba lazima kioge kwanza. Kitasa kinaoga, sinia linaoga, mguu wa taa unaoga. Kikiingia kwenye dawa na uchafu wake, shaba haishiki, inabanduka kama ngozi iliyoungua na jua. Ndiyo kitu cha kwanza mume wangu alichonifundisha, hata kabla hajanioa. Sasa unga wako kazi yake ni kupokea shaba, si ndiyo? Nikasema, kwa kuwa wakubwa wanapima leo, tuuogeshe uwe na nguvu. Tunamimina ndoo ya tindikali nyepesi kwa juu, inapita, inadondoka chini, tunasuuza kidogo, basi. Kwa sampuli ya tatu nilimimina ndoo mbili, maana mliandika kwamba ya pili ina shaba nyingi.

Maji yanayoingia tunayatuliza kwa chokaa kama mlivyosema. Hilo hatujawahi kukosea. Mlisema maji yanayoingia yasiwe machachu. Tindikali si maji. Tindikali ni sabuni yetu.

Fundi Kimya anasoma kwa nyuma ya bega langu na amenyamaza. Kifaranga, amenyamaza kabisa. Tumefanya nini?

Shangazi

—

10 Mei

Kwa Daktari,

Nimeiweka barua hii juu ya darubini yako kwa sababu nilijaribu kukuambia asubuhi mlangoni, na nikakuuliza kuhusu bahasha badala yake.

Sampuli ya pili na ya tatu zilikingwa mara tu baada ya unga kumiminiwa tindikali. Mwenye karakana alifanya hivyo kwa nia njema. Katika kazi yao kila kitu kinachopakwa shaba huogeshwa kwa tindikali kwanza, naye alidhani anauandaa unga. Kwa kuwa unga hautaki uchachu, shaba iliyokuwa imeshikwa siku zote za kazi iliachiwa kwa pamoja, ikadondoka kwenye tangi lilelile tunalokingia. Siku nyingine zote, nadhani, maji yanatoka safi. Chini ya mtaro kuna kitalu cha mboga kilichopona.

Nimejuaje. Mwenye karakana ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki. Uliposema hutaki ndugu nilikuwa nimeshataja jina lake, na nikaogopa. Nimeendelea kuogopa tangu siku hiyo. Kama ningekuwa huru kumuuliza kama mtu anavyomuuliza shangazi yake, tungejua wiki tatu mapema.

Na mimi ndiye niliyemwandikia kwamba siku ya sampuli kila kitu kiwe safi.

Ripoti ya kufunga jaribio iko kwenye droo yangu. Wino haukuisha. Naelewa kama utanifukuza. Naomba tu usiisaini kabla ya kupima maji ya siku ya kawaida, maana mwisho wa mwezi karakana inafungwa.

Karani wako

—

11 Mei

Karani,

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Mara ya pili nilikasirika.

Nianze na kicheko, kwa kuwa kinanihusu. Hapa maabara sisi wenyewe tunauosha unga kwa tindikali ukishajaa. Palipo na tindikali nyingi, ile unayoiita mikono (nimeisikia ukiwaambia wageni, na nimeipenda) inaachia madini, na unga unakuwa tayari kufanya kazi tena. Hilo nalijua kama jina langu. Nililiacha kwenye maelekezo nisije nikamchanganya mtu. Nani ana tindikali ya kumwagia pipa? nilijisemea. Nikaupeleka unga mahali ambapo watu wanaishika tindikali kama sisi tunavyoshika kalamu. Kosa hilo ni langu, na nitamwambia Mkurugenzi hivyo.

Sasa hasira. Sikukataza ndugu kwa ubaya. Nilikataza kwa sababu jambo hili likifaulu, kuna watu watatafuta sababu ya kusema halikufaulu, na sasa umewapa moja. Kwa hiyo: hutagusa tena sampuli za karakana hiyo. Maji yatakingwa na mkaguzi wa maji mwenyewe, siku anayoijua yeye tu, na yatapimwa kwenye maabara yao, si yetu. Yakiwa machafu, ripoti naisaini. Wewe kuanzia Jumatatu unahamia upande wa zege, ile idara yetu inayowauzia lignini.

Sikufukuzi. Karani anayeogopa kusema na hatimaye akasema, naweza kufanya naye kazi. Ila siku nyingine sema mlangoni. Darubini yangu si sanduku la posta.

Mwandikie shangazi yako, kama shangazi, kwamba asiuogeshe unga mpaka atakapoelekezwa. Mwambie pia asante kwa kuwa muwazi.

Daktari

—

12 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na safari hii naandika mezani, kazini, mchana, mlango wazi.

Daktari anajua. Hajanifukuza. Nimehamishiwa kwa watu wa zege, ambako kila kitu ni kijivu pamoja na watu wenyewe, lakini wana kiti chenye mgongo.

Usiuogeshe unga. Nakuomba. Acha hata usifagie. Bwana Maji atakuja siku yoyote na chupa zake mwenyewe, hatapiga hodi mapema, na mimi sitajua matokeo mpaka mtaa mzima ujue. Tindikali inaufanya unga uachie kila ulichokamata. Ukimuona Bwana Maji anaingia, mnyime hata maji ya kunawa.

Sijui kama wiki zilizobaki zinatosha. Nimezoea kukuandikia "usitie shaka" na huku mimi ndiye mwenye shaka. Leo siandiki hivyo. Naogopa, Shangazi. Naogopa karakana ikifungwa, mahali pekee nilipowahi kusema "nyumbani" patakuwa na kufuli. Nilitaka ujue kwamba hiyo ndiyo sababu niliitaja siku ile kikaoni. Haikuwa kukutafutia faida. Ni kwamba walipouliza nani anajua karakana, mimi najua moja tu.

Mwanao

—

2 Juni

Kifaranga wangu,

Keti kwenye hicho kiti chenye mgongo.

Bwana Maji alikuja wiki ya tatu ya Mei, tukiwa katikati ya kazi. Sakafu ilikuwa na taka, Fundi Kimya alikuwa anahutubia, pipa lina vumbi, mimi nina doa la dawa shavuni. Aibu niliyoisikia! Mkono wangu ulijiendea kwenye ufagio. Nikaukalia. Kweli, nilikalia mkono wangu juu ya kreti mpaka akamaliza kukinga. Aliuliza, "Mama, unaumwa?" Nikasema, "Naheshimu sayansi."

Akarudi siku nyingine, tena hivyohivyo. Na tarehe thelathini na moja, nimeshawaambia mafundi waanze kukusanya vitu vyao, akaingia na karatasi. Nilimwambia aisome kwa sauti, maana macho yangu yalikuwa hayaoni vizuri. Maji ni safi. Mara zote mbili. Karakana ibaki wazi, atakuwa anapita bila kupiga hodi. Nikamwambia apite hata akiwa na njaa.

Kwa hiyo kufuli alilokuja nalo ameondoka nalo.

Daktari wako naye amefika, yeye mwenyewe, na viatu vizuri visivyofaa karakana. Alikuja baada ya matokeo, si kabla. Ni mkali, lakini ananawa mikono kama mtu aliyelelewa. Ametufundisha kuuogesha unga jinsi inavyotakiwa: siku maalumu, bomba la chini limefungwa, beseni pembeni la kukingia. Tindikali ikatoka ya buluu, buluu nzito kama ile ya kwenye beseni letu la kupakia. Tukatazamana mimi na Fundi Kimya. Daktari akasema, "Ndiyo, mama. Hiyo ni mali yako. Irudishe kwenye dawa." Miaka yote hiyo, Kifaranga. Miaka yote mume wangu alikuwa akiiangalia ikienda mtaroni, anasema, "Shaba yetu inaenda mtoni."

Niliirudisha kwenye dawa. Nikachukua kijiko, nikakiogesha kama inavyopasa, nikakipaka. Ndicho hicho kilichofungwa kwenye kitambaa ndani ya kreti. Kimeng'aa, eti? Ni shaba iliyokuwa iende mtoni, halafu ikakamatwa na mti wenu.

Kitundike ukutani, kiweke mezani kwa watu wa zege wapate kuona rangi, fanya upendavyo. Ila usikorogee ile chai yako ya ndimu. Ndimu ni kali. Kitaachia kila kitu.

Njoo mwisho wa wiki. Piga hodi kwa jina lako. Umekula?

Shangazi yako